Mwaka Ambao Mstari Haukuchorwa

Jumamosi, siku moja kabla ya marathoni ya jiji, mzee aliyeitwa Mstari alitoka kwenda kuikagua lami. Alitembea mikono mgongoni, kichwa chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Mwenye pikipiki mmoja alimkwepa kwa tabu, akageuka na kumfokea, "Mzee, ukichoka kuishi usinichague mimi!"

Mstari hakuinua kichwa. Alikuwa akitafuta mstari wa buluu wa kuonyesha njia ya mbio, mpana kama kiganja, na kila alipopiga hatua asiuone, moyo wake ulishuka kidogo kutoka kooni na kurudi kifuani mahali pake.

Barabara hiyo waliiita ya maghala. Upande mmoja yalijipanga maghala ya saruji, mbao na mabati, na nyuma yake nyumba za watu. Upande wa pili kulikuwa na ukuta mrefu wenye lango moja, na juu ya ukuta, kilimani, lilionekana paa la hospitali ya uzazi. Aliitembea yote, kutoka kituo cha mafuta hadi kwenye reli. Aliona madoa ya oili, maganda ya ndizi, na kandambili moja iliyoachwa na mwenzake. Mstari wa buluu hakuuona.

"Basi," akajiambia, "hapa hawapiti."

Usimcheke mzee mzima anayeongea na lami. Alikuwa na sababu. Binti yake, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, alikuwa na mimba iliyotimia, na mtoto amekaa kingamo tumboni. Daktari alisema wazi kwamba huyo hatoki kwa njia ya kawaida, atatolewa kwa upasuaji siku ya Jumanne. Lakini uchungu ukimwanza kabla, asikae nyumbani hata kidogo. Aletwe mbio, la sivyo watapotea wote wawili.

Mstari aliomba alazwe mapema. Wakamjibu vitanda hakuna. Vitanda hakuna, lakini fedha za kuzungushia jiji zima vizuizi vya vyuma ili watu wazima wakimbie bila kufukuzwa na yeyote, hizo zipo! Ndivyo wakubwa walivyo. Ukiwaomba blanketi wanakupa bendera. Mkwewe, mume wa binti, alikuwa njiani akiendesha lori la tajiri wake, nchi ya mbali, simu yake mara ipo mara haipo. Mzigo wote ukamwangukia Mstari, na kati yake na Jumanne ilikaa Jumapili ya mbio, kama mwiba wa samaki kooni.

Mbio hizo aliziona zikizaliwa. Mwaka wa kwanza hazikuwa na jina wala jezi. Wafanyakazi wa karakana ya reli walibishana na makarani wa posta nani ana mapafu, ubishi ukapanda mpaka kwa meya wa wakati huo, mtu wa kitambi aliyependa vichekesho, naye akasema: Jumapili kimbieni tuwaone. Wengine walikimbia na viatu vya kazini, wengine pekupeku. Mshindi alipewa blanketi na redio ya betri, akavua viatu, akalala palepale uwanjani amejifunika blanketi, redio inaimba kifuani.

Siku moja kabla ya mbio hizo karani mmoja alikuwa ameuliza, hawa watajuaje njia? Ndipo alipoitwa kijana mmoja wa kupaka rangi barabarani. Rangi haikutosha hata robo ya safari. Akachukua mifuko ya chokaa, akaipakia kwenye mkokoteni, akaukata kona mfuko wa kwanza, akaubana kiunoni na kuanza kutembea huku chokaa ikimwagika nyuma yake kama unga. Aliyevuta mkokoteni mbele alikuwa mke wake, bibi harusi wa juzi. Kila mara aligeuka kumwelekeza.

"Kulia kidogo. Kulia nimesema! Unapinda kama mlevi."

"Wewe vuta mkokoteni."

"Nikivuta bila kukuangalia tutawapeleka watu makaburini."

Mbio za wakati huo zilikuwa fupi, si kama hizi za siku hizi, lakini mpaka jua linazama walikuwa weupe nyusi na kope. Kwa siku tatu walikuwa wakitoa chokaa masikioni. Jina la Mstari lilimganda tangu hapo, hata mafaili ya mshahara nusura yaliandike.

Halafu kuna mwaka wa lori. Lori lilikatika ekseli katikati ya barabara siku ya kupaka rangi, likagoma kama punda. Mstari akaupinda mstari wake ukalizunguka. Usiku likavutwa. Asubuhi wakimbiaji wakaja, barabara tupu, hakuna hata kokoto, na kila mmoja wao, wa kwanza hadi wa mwisho, alipinda kulizunguka lori ambalo halikuwapo. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Hawa ukiwachorea mpaka kisimani watatumbukia!"

"Mtu akichoka," Mstari alimwambia, "haangalii barabara. Anaangalia mstari."

Kisha wakaja wenye mali. Kampuni hii ikaleta mabango, ile ikaleta jezi, wageni wakaanza kuja na miwani ya giza na saa zinazoongea. Njia ikarefushwa. Ubao wa matokeo ukawekwa, jukwaa la wakubwa likawekewa kivuli, na mbio zilizozaliwa na ubishi wa mafundi wa reli zikawa na mkurugenzi, naibu mkurugenzi, na naibu wa naibu. Na vyuma vikaja. Zamani watu walisimama tu pembeni, mwenye shida ya kuvuka akavuka mbiombio kama kuku. Sasa njia nzima ilizibwa kwa vyuma vya kufika kifuani, na kila penye mwanya akawekwa mtu wa kusema subiri.

Vyuma hivyo ndivyo vilivyomuua mkewe. Hivyo ndivyo Mstari alivyosema, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Pumu ilimbana asubuhi ya mbio, nyumbani kwao, mtaa wa chini ambao marathoni iliupitia mlangoni kila mwaka. Jirani akampakia kwenye gari. Kwenye vyuma wakaambiwa subiri, kundi la mbele linakaribia, na televisheni inarusha. Wakasubiri. Mstari mwenyewe alikuwa mbali, na kopo la buluu mkononi, akirekebisha mahali paliposuguliwa. Alipigiwa simu akiwa amepiga magoti barabarani. Tangu siku hiyo hakushika tena brashi ya jiji, na mkono wa rambirambi wa naibu wa naibu aliuacha ukining'inia hewani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mstari alianza kushtuka tangu mimba ya binti ilipojulikana, maana kuhesabu miezi anajua.

Wiki hiyo tangazo la mbio lilipenyezwa chini ya mlango. Alilikunja bila kulitazama na kuzibia kioo cha dirisha kilichopasuka. Binti, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, akasema, "Baba, naona wamebadilisha njia mwaka huu."

"Nani kasema?"

"Wenyewe wenye mbio. Wanasema hawapiti tena mtaa wetu, wanapita..."

"Wenye mbio ndio waliosema gari la mama yako litapita sasa hivi." Alikata maneno kama uzi. "Mimi lami haijawahi kunidanganya. Panapopitwa hupakwa, na pasipopakwa hapapitwi. Panga nguo, unahamia kwa mjomba wako."

Binti alimtazama, akashusha pumzi, akapanga nguo. Mabishano na baba yake siku hizi yalimchosha kuliko ngazi.

Mjomba huyo, shemeji yake Mstari, aliishi peke yake nyuma ya maghala. Mkewe alikuwa amemkimbia kwa sababu ya mizaha, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusambaza vifaa vya ujenzi kwa pikapu kuukuu. Kutoka mlangoni kwake hadi lango la hospitali ni kuvuka barabara ya maghala tu. Ndiyo maana Mstari aliikagua barabara hiyo ya maghala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtaani kwake mwenyewe hakwenda kukagua. Ya nini? Huko mbio hupita kila mwaka. Laiti angekwenda, angeona kwamba na huko hakukuwa na rangi, na labda angejiuliza.

Jioni ya Jumamosi hiyohiyo wakahamia.

"Karibuni kwenye hoteli ya kifahari," shemeji alisema, akimpokea binti begi. "Mpwa wangu, kitanda changu chukua wewe. Baba yako atalala na mifuko ya saruji, wanafanana sura."

"Shemeji, pikapu ina mafuta?" Mstari aliuliza.

"Inayo."

"Betri?"

"Ipo."

"Tairi la akiba?"

"Shemeji, tunavuka barabara, hatuendi Makka. Kaa unywe chai."

Mstari hakukaa. Alilipiga tairi moja teke, kisha la pili, kisha akarudi kulipiga tena la kwanza.

Asubuhi ya Jumapili aliamshwa na mlio wa chuma. Kwaa! Kimya. Kwaa! Mlio huo aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Alitoka bila viatu, akapita kichochoro kati ya maghala mawili, akatokea barabarani. Kutoka kituo cha mafuta hadi kwenye reli, pande zote mbili, vyuma vilikuwa vimeshasimama vimeshikana mikono. Vijana walikuwa wakiunganisha vya mwisho. Kwaa!

Aliitazama lami. Haikuwa na hata tone la rangi.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti. "Hapa hapajapakwa."

Aliporudi mbio nyumbani, binti alikuwa mlangoni. Ameshika fremu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, na sakafu chini yake imelowa.

"Baba," alisema polepole, "usipige kelele. Imeanza."

Shemeji aliwasha pikapu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na mzaha mdomoni. Walimketisha binti kiti cha mbele, Mstari akadandia nyuma, kati ya mbao na mfuko wa chokaa uliobaki juzi, akaishika bodi ya gari mpaka vidole vikamuuma. Kumtoa binti hatua kwa hatua kulikuwa kumechukua muda, na mpaka wanatokea barabarani wakimbiaji walikuwa wameshaanza kupita. Na hawakuwa wale wachache wa mbele, wembamba kama njiti. Wale walikuwa wameshakwenda. Sasa lilikuwa limefika kundi lenyewe, umati wa watu, bega kwa bega kutoka vyuma hadi vyuma, vishindo vyao kama mvua juu ya mabati. Upande wa pili, nyuma ya mvua hiyo, lango la hospitali lilikuwa wazi. Mlinzi alionekana amekaa kwenye stuli anakula muwa.

Kwenye mwanya alisimama mwanamke wa makamo mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, filimbi shingoni na redio ya mkononi.

Mstari aliruka chini. "Fungua!"

"Shikamoo, mzee wangu. Hapa ni kwa waenda kwa miguu tu, magari yanavukia kule..."

"Fungua hivi vyuma vyenu vya mauti! Mlimuua mama, sasa mnamtaka mwana? Kamwambie mkurugenzi wako, kamwambie na naibu wa naibu..."

"Mzee wangu," mwanamke alimkata, "nitukane ukishavuka. Sasa hivi niambie mgonjwa ana nini."

Shemeji akajibu kutoka dirishani. "Mimba. Mtoto yuko kingamo. Maji yameshamwagika."

Mwanamke alichungulia ndani ya gari, akamwona binti, akabadilika uso. Akainua redio. "Kituo, hapa maghala. Nina mama mjamzito, hali ya hatari, anahitaji kuvuka na gari. Naomba msimamishe."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyekunywa chai: "Maghala, subiri."

Neno hilo lilimwingia Mstari kama maji ya baridi shingoni. Subiri. Binti alitoa sauti ndogo, ya kujizuia, ambayo ni mbaya kuliko ukelele.

"Gari la wagonjwa?" shemeji aliuliza.

"Liko ng'ambo ya reli, kuna mkimbiaji kaanguka. Na njia ya magari kule kituo cha mafuta imefungana, foleni haisogei." Mwanamke alibonyeza tena. "Kituo, maghala. Nasema ni hatari!"

"Maghala, subiri. Anatafutwa msimamizi."

"Anatafutwa!" Mstari alipiga chuma kwa ngumi. "Na mstari uko wapi? Kama mnapita hapa mbona hamkupaka mstari?"

"Mstari gani?"

"Wa buluu!"

"Aa, ule." Alinyoosha kidole juu. Kwenye kila nguzo ya taa kulikuwa na kibendera kidogo cha njano, ambacho Mstari hakukiona jana kwa sababu hakuinua kichwa hata mara moja. "Rangi waliiacha mwaka huu, wakasema ni ghali. Wameweka vibendera. Si ilikuwa kwenye tangazo?"

Mstari alivitazama vibendera, nguzo hadi nguzo. Aliuliza, ingawa alishajua, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

"Na mtaa wa chini? Kule kwenye duka la mikate?"

"Kule? Kweupe kabisa, mzee wangu. Magari yanapita kama kawaida mpaka lango la nyuma la hospitali."

Kweupe kabisa. Alikuwa amemtoa mwanawe mahali penye njia, kwa mikono yake miwili, akamleta kwenye mtego. Miaka yote hii alikuwa na mtu wa kumlaumu, na alimlaumu vizuri, asubuhi na jioni, na lawama ile ilimtosha kama chakula. Sasa aligeuza macho kumtafuta wa kumlaumu, akaona vumbi juu ya miguu yake mwenyewe. Alikuwa hajavaa viatu.

Akakishika chuma akakivuta. Kikaachana na mwenzake, ubavu wake ukajitokeza barabarani, na mkimbiaji mmoja akajikwaa, wa nyuma yake akamwangukia, watu wakapiga kelele.

"Baba!" Binti alikuwa ametoa kichwa dirishani, jasho linamchuruzika. "Baba, acha. Utaua watu. Nyamaza, ufikirie."

Mstari akakiachia chuma.

Mwanamke alikuwa amewainua walioanguka. Alirudi akihema. "Nisikilize. Tulifundishwa kuvusha kwa vipande viwili. Unawasogeza wakimbiaji wote upande wa mbali, gari linaingia mpaka katikati linasimama. Kisha unawasogeza upande huu, gari linamaliza. Nikiisubiri ruhusa tutazalia hapa, kwa hiyo ruhusa niachie mimi, nitagombezwa kesho. Lakini koni zangu za kuelekezea njia zimepelekwa kwenye meza za maji. Nikisimama mbele yao mikono mitupu watanibeba. Hawaoni mtu hawa, wamechoka, macho yako chini tu."

"Yako chini," Mstari alirudia.

Aligeuka akaitazama pikapu. Kisha akapanda nyuma, akaubeba mfuko wa chokaa kama mtoto, akashuka nao. "Shemeji, kisu."

"Kisu cha nini?"

"Kisu!"

Shemeji akampa. Mstari akaukata mfuko kona, akaubana kiunoni. Uzito wake ulikuwa uleule, kiuno ndicho kilichobadilika.

"Mama, twende kule juu wanakotokea, kwenye nguzo ya tatu," alimwambia mwanamke. "Wewe tangulia kinyumenyume, uwaangalie wao na uniangalie mimi. Nikipinda niambie."

Waliingia barabarani ukingoni. Filimbi ililia mfululizo. Mstari alianza kutembea, chokaa ikamwagika mbele ya miguu ya watu, mstari mweupe unaotoka ukingo wa karibu na kulala taratibu kuelekea ng'ambo. Bega lilimgonga. Kiwiko kikampata mbavuni. Mtu alimwita mwendawazimu. Hakuinua macho, maana mchora mstari akiinua macho mstari nao unainuka.

"Kushoto, mzee wangu," mwanamke alisema kati ya filimbi na filimbi. "Kushoto kidogo. Hapo unapinda."

Chokaa ilimwingia machoni, au kitu kingine kilimwingia.

Alipofika katikati alinyoosha mstari ukaenda sambamba na barabara, kupita pale mwanya ulipo, na zaidi. Kisha akasimama, mfuko ukiwa nusu, akageuka kutazama. Wa kwanza kufika kwenye chokaa walisita. Mmoja akatazama chini. Akapinda. Wa nyuma yake akapinda. Kisha kumi, kisha hamsini, umati wote ukalala upande wa mbali kama nyasi zilizopulizwa, na nusu ya barabara iliyo karibu ikabaki tupu.

"Ingiza!" mwanamke alipiga kelele.

Shemeji aliingiza pikapu mpaka katikati, akasimama. Kupitia kioo Mstari alimwona binti amefumba macho, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika dashibodi na mwingine umeshika shati la mjomba wake.

Sasa kipande cha pili, na hicho ndicho kilikuwa kibaya. Gari lilikuwa limekaa katikati ya mto wa watu, haliwezi kurudi. Mstari alipanda tena juu mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu, akaufuta mwanzo wa mstari wa kwanza kwa nyayo zake pekupeku, akaanza mwingine wa kuwarudisha ukingo wa karibu. Wengine waliufuata mpya, wengine wakaendelea na wa zamani, kwa muda watu wakawa wanapita pande zote mbili za gari. Vishindo vya miguu vilikuwa vinaifuta chokaa haraka kuliko alivyoimwaga. Mfuko ulikuwa unazidi kuwa mwepesi.

"Usiache, mzee wangu! Mwaga palepale!" Mwanamke alisimama kwenye njia panda ya chokaa, mikono ameinyoosha, filimbi imemkaa mdomoni, na safari hii walimwona, kwa sababu alikuwa amesimama mwisho wa mstari. Walikwenda alikoelekeza. Upande wa ng'ambo ukaanza kuonyesha lami, kidogo, kisha zaidi.

Pikapu ikanguruma. Mlinzi alitupa muwa wake, akavuta chuma, akapunga mkono. Gari likapita, likaingia langoni, likapanda kilima na kupotea.

Mstari alibaki barabarani na mfuko mtupu. Hakuweza kuwafuata. Umati ulikuwa umejaza tena barabara yote.

Alikaa ukingoni, mgongo kwenye chuma. Simu yake aliiweka juu ya goti, akaitazama kama watu wanavyomtazama mbwa wasiyemjua. Mwanamke alimletea chupa ya maji. Hakunywa. Jua likapanda. Wakimbiaji wakawa wachache, wazee, wanene, wenye kuchechemea, wenye kutembea na kujifanya wanakimbia.

Redio ikakoroma. "Maghala, Kituo. Msimamizi amepatikana. Ruhusa imetolewa. Vusheni hilo gari."

Mwanamke alimtazama Mstari. Mstari aliitazama redio.

"Wajibu," alisema.

"Niwaambieje?"

"Waambie wasubiri."

Mstari alicheka, kicheko kimoja kikavu kama kikohozi, kisha kikamwishia kabisa, maana simu ilianza kulia juu ya goti lake. Ilikuwa namba ya shemeji. Ililia, ikatetemeka, ikaanza kuteleza, na Mstari hakuinua mkono.

"Mzee wangu, pokea."

"Pokea wewe."

"Ni simu yako."

"Habari za namna hii nilishazipokea mwenyewe barabarani." Mdomo wake ulikuwa mweupe wa chokaa. "Mara moja inatosha. Tafadhali, mama."

Mwanamke akaichukua. Akaiweka sikioni, akampa mgongo. "Ndiyo... Hapana, mimi ni yule wa filimbi... Yupo... Ehe... Ehe." Akasikiliza muda mrefu. Mstari aliyatazama mabega yake, akitafuta humo kitu cha kusoma, kama alivyozoea kusoma lami.

Akageuka. "Shemeji yako anauliza kama bado unawatukana wakubwa."

"Nini?"

"Anasema kuna mkubwa mwingine kafika sasa hivi, anafoka kuliko wewe. Wa kike."

Mstari aliuachanisha mgongo na chuma. "Na mama yake?"

"Wanamshona. Alipoteza damu, lakini madaktari wanasema walimuwahi. Kabla hawajamlaza usingizi aliacha ujumbe wako."

"Alisemaje?"

"Amesema, mwambieni baba awe anasoma matangazo."

Mzee aliinamisha kichwa kati ya magoti, akakaa hivyo. Mwanamke aliketi pembeni yake, akavua filimbi. Barabarani mkimbiaji mmoja, mzee mwenzake Mstari, kaptura imemshuka, alikuja akijikokota, akafika pale palipokuwa na gari, pasipo na kitu sasa, akatazama chini kwenye mabaki ya chokaa, na kwa uangalifu mkubwa akapinda kupazunguka. Aliyemfuata naye akapinda.

Mstari aliwatazama. Aliingiza kidole sikioni, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa cheupe.